Kanga Hutetemeka Akifika Hamsini

Migori
8 Januari 1967

Shangazi yangu mpendwa Filister,

Salamu nyingi kutoka kwa mwanamke aliyeolewa. Nimeyaandika maneno hayo, nikayatazama, nikacheka peke yangu jikoni mpaka jirani yetu Gesare akaja kuuliza kuna nini. Sisi huku ni wazima kabisa. Natumaini na wewe ni mzima, goti lako limepoa, na samaki wako wanapata wanunuzi kule sokoni Homa Bay.

Shangazi, sijui nianzie wapi. Nyumba yetu ya mwalimu ina vyumba viwili na dirisha moja linalokataa kufungika, na mimi silitaki lifungike, kwa sababu kutoka hapo ninamwona Mwikwabe akitoka darasani. Anarudi na vumbi la chaki kwenye mikono ya shati. Ninalikung'uta taratibu ili kazi isiishe. Asubuhi yeye ndiye anayechemsha maji ya chai, nami ninajifanya bado nimelala ili nisikie anavyojitahidi kutogonga sufuria. Usinicheke. Najua unanicheka.

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu anapenda nimsomee barua zako, na Kijaluo chake bado ni cha kununulia samaki tu. Kikuria changu ndicho kibaya zaidi. Juzi nilimsalimu mama yake kwa maneno ambayo, nimeambiwa, husemwa kwa ng'ombe.

Sasa jambo lenyewe. Ni gari.

Unalijua gari letu la kijivu tulilouziwa na yule mpima ardhi aliyekuwa akirudi kwao. Tumelipa jina la Kanga, kama yule ndege, kwa sababu ya madoadoa meupe ya rangi iliyobanduka, na pia kwa sababu anakimbia huku akilalamika. Akienda polepole ni mpole. Akifika maili arobaini na tano kwa saa anaanza kunguruma, na akifika hamsini anatetemeka mwili mzima kama mtu mwenye malaria.

Siku ya arusi uliona mwenyewe mwisho wa safari, lakini hukuona mwanzo wake. Tulipotoka kanisani Kendu Bay kuja kwenye karamu nyumbani kwako, Mwikwabe alikataa mtu mwingine asiendeshe. Mimi nilikaa karibu naye na shela yangu imenifunika mpaka kidevuni. Baba na Mama walikaa nyuma. Tulipofika pale barabara iliponyooshwa na greda, Mwikwabe akaongeza mwendo kwa furaha, na Kanga akatetemeka vibaya sana. Baba akasema, "Simamisha." Akashuka, akamshusha na Mama. Walisimama kando ya barabara mpaka lori la kwaya likawachukua, na watu wote wakaona wazazi wa bibi arusi wakishushwa kwenye lori kama viazi. Baba alisema neno moja tu: "Gari linatetemeka."

Tangu siku hiyo hajaja kwetu wala hajaniandikia. Tumewaalika mara mbili. Mwikwabe hasemi, lakini namwona. Anadhani Baba anamhesabu kuwa mtu asiyejali roho za watu, au labda anajuta kumpa binti yake Mkuria. Ninataka baba yangu apande gari la mume wangu, akae, afike salama, ale chakula changu. Nikilipata hilo sitaomba tena kitu mwaka huu.

Fedha za gereji kubwa hatuna, arusi ilikula zote. Lakini wewe ulikaa mbele katika lori la marehemu mume wako miaka mingi. Tufanye nini? Na Baba anasemaje?

Ni mimi mpendwa wako, mwenye furaha kupita kiasi,
Jedidah


Homa Bay
29 Januari 1967

Kwa mwanamke aliyeolewa,

Barua yako niliipata imechelewa. Ilikuwa imelala dukani chini ya gunia la sukari, na mwenye duka anasema ilijificha yenyewe. Goti langu bado lina kiburi. Mwanangu Cephas amepata kazi ya kupima pamba huko Kosele na sasa anatembea kama mkuu wa wilaya. Kuku uliyempenda aliliwa na mgeni wa kanisa. Mengine ni salama.

Mwambie mumeo nimemsalimu, na umsomee hapa pia: mwanaume anayechemsha maji ya chai asiambiwe kwamba jambo hilo ni ajabu, ataacha. Je, hakuna habari nyingine? Nauliza tu. Mimi ni shangazi, kuuliza ni kazi yangu.

Haya, Kanga. Kwanza hakikisheni mgonjwa ni gari wala si barabara. Barabara ya murram, hii ya changarawe, yenye mikunjo mikunjo humtetemesha kila mtu anayekwenda polepole, na ukiongeza mwendo gari huruka juu ya mikunjo likatulia. Kama Kanga anafanya kinyume, ugonjwa ni wake mwenyewe.

Pili, mnatetemeka wapi? Mikononi au makalioni? Usukani ukitetemeka, ubaya uko magurudumu ya mbele. Usukani ukitulia na kiti kikatetemeka, ubaya uko nyuma. Mume wangu alikuwa akiniuliza mimi, kwa sababu mtu anayeendesha anashika usukani kwa nguvu mpaka hajui tena kinachomtikisa. Nilikuwa nakaa, nafumba macho, namwambia. Watu walidhani nasali.

Tatu, mkifika hamsini aondoe gea, gari lijiendee lenyewe. Likiendelea kutetemeka, injini haina kosa.

Mimi nasema ni nati za magurudumu. Mtakuta zimelegea. Nina hakika kama ninavyolijua jina langu.

Baba yako ni mzima, anapalilia mtama wake.

Shangazi yako,
Filister


Migori
15 Februari 1967

Shangazi mpendwa,

Tumepokea barua yako tukiwa mezani, na Mwikwabe alicheka pale pa chai mpaka akaimwaga. Bado anachemsha. Tuko salama. Mvua hakuna, vumbi limejaa hata ndani ya chumvi. Gesare amenifundisha kusalimia vizuri na mama mkwe sasa ananiita kwa jina. Habari nyingine hakuna, na ukiuliza tena nitakujibu hivyo hivyo.

Nati zilikuwa zimekazwa zote, Shangazi. Nisamehe. Mwikwabe alizijaribu moja moja huku nikiomba hata moja iwe imelegea, kwa ajili ya heshima yako.

Lakini lile la kufumba macho ndilo limetuletea makubwa. Tuliona kwamba Mwikwabe hawezi kuendesha na pia kukaa nyuma akisikiliza. Mimi nilikaa nyuma, nikamwambia, "Ninatetemeka." Akauliza, "Wapi?" Nikasema, "Kila mahali, kwa sababu ninakutazama kwenye kioo." Akasimamisha gari akasema hii si kazi ya kufanywa na mtu anayependa. Basi akaamua mimi ndiye nitakayeendesha.

Mimi, Shangazi. Nimechukua karatasi ya dereva mwanafunzi kwa polisi, na kila jioni baada ya shule tunakwenda kwenye uwanja nyuma ya soko la ng'ombe. Siku ya kwanza nilizima injini mara nyingi mpaka wachungaji wakakaa chini kutazama. Mmoja akamwambia Mwikwabe, "Mwalimu, huyo angesukuma tu angefika mapema." Siku ya pili nilimpita mbuzi bila kumgusa. Sasa nabadilisha gea bila kutazama chini, na ninapobadilisha vizuri Mwikwabe hanisifu, anatabasamu tu dirishani.

Jumamosi tulikwenda kwenye kile kipande kirefu kilichonyooka, njia ya kuelekea mpakani. Yeye alikaa nyuma, macho amefumba, viganja viwili juu ya kiti.

"Arobaini," nikasema.

"Kimya."

"Arobaini na tano."

"Namsikia anakuja."

"Hamsini."

"Mama yangu," akasema.

Usukani mikononi mwangu ulikuwa umetulia kama sahani mezani. Kumbe ni nyuma. Nikaondoa gea, Kanga akaendelea kutetemeka huku injini inapumua polepole. Basi injini haina kosa. Na mikunjo ya barabara pia haina kosa, kwa sababu tukienda thelathini anatulia.

Tulimpelekea fundi mmoja hapa mjini habari hizo. Hakuinama hata kutazama. Alisema ni propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma, na lazima tununue mwingine mzima. Mwikwabe alirudi nyumbani akahesabu fedha zetu mezani. Tukinunua hiyo propela tutakula mihogo mpaka Krismasi. Mimi niko tayari, lakini ninataka kwanza kujua kama ni kweli.

Hukunijibu habari za Baba. Anasemaje?

Dereva wako,
Jedidah


Homa Bay
6 Machi 1967

Dereva wangu,

Nimesoma barua yako sokoni mbele ya wanawake wote wa samaki. Sasa wote wanajua mbuzi aliokoka. Wamenituma nikuulize kama utakuja kutuchukua na makapu yetu. Goti limeamua kunisamehe. Cephas amekwisha kugombana na mkubwa wake na amerudi nyumbani kupumzika, ndivyo anavyoliita jambo hilo.

Kuhusu nati tusiongee tena.

Kuhusu propela, fundi anaweza kuwa amesema kweli na anaweza kuwa amesema njaa yake. Msinunue kitu kabla ya kufanya hivi. Toeni magurudumu mawili ya nyuma myapeleke mbele, na ya mbele yarudi nyuma. Kisha mkimbie tena hamsini. Kama kiti bado kinatetemeka, mkamwombe fundi radhi. Kama mtetemeko umehamia kwenye usukani, basi umehama pamoja na gurudumu, na propela yenu ni nzima. Hilo halina gharama ila jasho.

Mkishajua ni gurudumu, mlipandishe gari kwa jeki upande wa mbele, kwa sababu gurudumu la mbele linazunguka bila kuzuiwa. Lizungusheni kidogo mliache lisimame lenyewe. Pakeni chaki pale chini. Rudieni. Kama chaki inarudi chini kila mara, hapo ndipo penye uzito. Gurudumu zuri linasimama popote. Mume wangu alikuwa anafunga kipande cha risasi, ile metali nzito, upande wa juu, mkabala na uzito, mpaka gurudumu lisahau wapi ni chini.

Nawatumia risasi za wavu, hizi wanazofunga wavuvi chini ya wavu ili uzame. Nimeziweka kwenye kikopo cha chai na nimempa Paul, jirani yangu wa sokoni, anayekuja Migori kuuza dagaa. Msizile.

Baba yako ameezeka ghala upya. Mama yako anakusalimu sana. Aliniuliza kama mumeo amewahi kusema neno lolote juu yake. Nikamwambia kwa ninavyojua hajasema. Akashukuru Mungu, akaendelea kuchambua mboga.

Wako,
Filister


Migori
26 Machi 1967

Shangazi mpendwa,

Leo ni Pasaka na tumetoka kanisani, na ninakuandikia nikiwa bado nimevaa viatu vizuri. Kikopo kilifika kikinuka dagaa. Mwambie Paul asante. Mama asinisumbue na maswali ya ajabu, Mwikwabe atasema nini juu yake? Anamheshimu.

Shangazi, Kanga amepona.

Tulibadilisha magurudumu, nikakimbia hamsini, na usukani ukanitetemeka mikononi nikapiga kelele za furaha. Mwikwabe huko nyuma alikuwa ametulia kama mtu aliye kanisani. Kwa hiyo propela ni nzima na mihogo tutaila tukitaka wenyewe.

Gurudumu la kwanza halikuhitaji hata chaki. Mwikwabe alipolivua mimi nililigeuza nilioshe, kwa sababu siwezi kuacha kitu kichafu mbele yangu. Upande wa ndani wa rimu, ule usioonekana gari likisimama, kulikuwa na udongo mweusi uliokauka na kuganda kama tofali. Unakumbuka mvua ya asubuhi ya arusi, na jinsi Kanga alivyokwama kwenye udongo mweusi karibu na kanisa mpaka vijana wa kwaya wakamsukuma? Baadaye tuliosha gari kila wiki, lakini nje tu, panapong'aa. Miezi hii yote tulikuwa tunabeba matope ya arusi yetu. Niliyabandua kwa jembe dogo. Kipande kimoja nimekiweka dirishani. Mwikwabe anasema nimerukwa na akili, lakini yeye ndiye aliyekisogeza kisinyeshewe.

Tulipojaribu tena, mtetemeko ulikuwa umepungua lakini haujaisha. Basi tukafanya kama ulivyosema, tukapandisha jeki, tukazungusha. Gurudumu la pili lilirudisha chaki chini kila mara. Kutoa tairi, tukakuta ndani kuna kiraka kikubwa kilichokatwa kwenye tairi jingine, kazi ya yule mpima ardhi. Tairi jipya hatuliwezi. Mwikwabe akafungua risasi za wavu kwa koleo, akazipondaponda, akazifunga kwa waya kwenye matundu ya rimu, anaongeza, anapunguza, ulimi umetoka nje kama wa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mwishowe gurudumu likasimama popote. Tuliliona likisimama, tukatazamana, na mengine sitaandika.

Sasa Kanga anakwenda hamsini na tano na kikombe cha maji mkononi mwa Mwikwabe hakimwagiki. Na mimi nimepasi mtihani wa udereva. Polisi aliyenipima alishuka akasema hana la kusema.

Ningekomea hapo, ingekuwa barua nzuri kuliko zote. Lakini nilimwandikia Baba kumweleza kwamba gari limepona, waje. Jibu lilikuja haraka safari hii. Alisema: "Nimefurahi kusikia gari limepona. Kazi ni nyingi. Msalimu mwalimu." Basi.

Mwikwabe alilisoma akasimama dirishani. Nikamwambia labda kweli kazi ni nyingi. Akasema, "Jedidah, gari limepona na bado hataki. Basi halikuwa gari. Ni mimi." Tangu siku hiyo anachemsha chai lakini hanisemeshi wakati anachemsha. Jana alizungumza na Okemwa, mfanyabiashara wa ngozi, amuuzie Kanga. Anasema hana haja ya kutunza gari ambalo baba yangu alishuka ndani yake mbele ya watu, na kila akiliona anasikia aibu upya. Okemwa atakuja kulichukua baada ya wiki mbili.

Mimi nimelia kidogo, kisha nimekasirika, kisha nimemwandalia kuku. Hajui Baba ana nini naye. Na mimi sijui. Lakini wewe, Shangazi, kila barua nimekuuliza, na kila barua umenijibu habari za mtama na ghala. Unajua kitu.

Jedidah


Homa Bay
1 Aprili 1967

Binti yangu,

Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, sitaki ilale chini ya sukari. Isome kwanza peke yako. Kisha ukiona inafaa umsomee mumeo, umsomee. Hilo nakuachia. Nimenyamaza miezi yote hii kwa sababu barua zangu unamsomea yeye, na jambo hili haliandikwi mbele ya mkwe.

Asimuuzie Okemwa gari.

Baba yako hana neno na Mwikwabe. Anampenda. Kila mtu akimtembelea anamwambia ana mkwe mwalimu. Alishuka kwa sababu ya mama yako.

Wewe ulikuwa umefunikwa na shela, hukuona. Mumeo alimkaribisha mama yako garini kwa heshima, akamfungulia mlango mwenyewe, akamweka nyuma yake pale pale. Kwetu mama mkwe hakai na mkwe wake chini ya dari moja, magoti kwa mgongo, milango imefungwa. Unalijua hilo. Lakini hakuna aliyejua la kufanya, kwa sababu hakuna aliyewahi kuamua gari ni kitu gani. Kama ni njia, basi watu hukutana njiani na hupishana, hakuna ubaya. Kama ni nyumba, ni ubaya mkubwa. Mama yako aliingia kwa kuwa watu wote walikuwa wanatazama, na alijikunja kwenye kona akijiambia ni njia, ni njia.

Halafu gari likatetemeka. Mama yako akaogopa, akashika kilichokuwa mbele yake. Kilikuwa bega la mumeo. Alilishika kwa mikono miwili.

Baba yako aliona. Ndipo aliposema simamisha. Angesema sababu yenyewe, Mwikwabe angeaibika siku ya arusi yake, na mama yako pia. Kwa hiyo akasema gari linatetemeka, na ilikuwa kweli. Alifikiri amemwokoa kila mtu. Hakujua mtakaa miezi mnazungusha magurudumu.

Tangu hapo mama yako hawezi kusikia gari likitajwa. Na baba yako hawezi kuja bila yeye, wala hawezi kuandika kwa nini. Wazee wameulizwa kimya kimya. Mmoja anasema gari ni njia kwa sababu linatembea. Mwingine anasema ni nyumba kwa sababu lina milango na unaweza kulala ndani. Wamekunywa uji wangu mara tatu na hawajamaliza.

Nimekupa nilicho nacho.

Filister


Migori
18 Juni 1967

Shangazi yangu, mama yangu wa pili,

Utanisamehe kwa ukimya. Mvua ilikata barabara zote, na kisha nilikuwa na mambo ambayo sikutaka kuyaandika kabla hayajaisha. Sote ni wazima. Gesare amepata mapacha na Kikuria changu sasa kinatosha kuwabembeleza. Dirisha letu lile limefungwa na mvua lenyewe na sasa halifunguki.

Barua yako nilikaa nayo siku nzima. Kisha nikamsomea, yote, bila kuruka. Alikuwa anasahihisha madaftari. Nilipofika kwenye bega aliweka kalamu chini.

"Mikono miwili?" akauliza.

"Mikono miwili."

"Nilidhani ni Baba." Akajishika bega. "Jedidah, nilijivunia. Nilijiambia, mzee ananiamini, ameniwekea mkono begani kama mwanawe."

Kisha akacheka, akafunika uso, akacheka tena. Alisema kwao jambo lenyewe lingekuwa zito vile vile, na alilijua tangu utoto. Ila alikuwa na furaha sana siku ile hata hakufikiri kwamba gari lina ndani. Alikuwa anafikiri mwendo tu. Baadaye akasema, "Kwetu bega hilo lingedai mbuzi." Nikasema kwetu sijui, lakini mbuzi hajawahi kukataliwa popote ninapopajua. Kesho yake akamwambia Okemwa aende kwa amani.

Mvua ilipokwisha, Mwikwabe alimwosha Kanga ndani na nje, na nyuma ya kila rimu. Akanunua mbuzi dume mweupe, akamfunga miguu, akamlaza kiti cha nyuma juu ya magunia. Kisha akaweka ufunguo mkononi mwangu.

"Ndani ya gari hilo hakuna mkwe," akasema. "Kuna binti na wazazi wake."

Nilifika Kendu Bay saa sita mchana. Baba alitoka, akanisalimu, akamsalimu mbuzi, akaanza kulizunguka gari.

"Dereva yuko wapi?"

"Ni mimi, Baba."

"Nani amekupa ruhusa?"

"Serikali."

Akazunguka tena, labda mtu amejificha upande wa pili. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mdomoni. Nikamshusha mbuzi. Nikasema, "Mwalimu anawasalimu. Huyu ni wa Mama." Hakuna aliyeuliza ni wa nini. Baba alimtazama Mama, Mama akamtazama mbuzi, kisha akaja yeye mwenyewe akaishika kamba. Jioni walimchinja, na Mama alikula ini akasema lina chumvi ya kutosha.

Asubuhi waliingia. Baba mbele, Mama nyuma, na kapu la kuku. Tulipopita Homa Bay nilipiga honi sokoni, lakini niliambiwa umekwenda Oyugis. Tulipofika kwenye barabara iliyonyooka nikaongeza. Arobaini. Arobaini na tano. Nilimwona Baba ameshika mpini wa mlango kwa mkono mmoja na kofia kwa mwingine. Hamsini. Hakuna kitu, Shangazi, upepo tu na kuku.

Mama akasema kutoka nyuma, "Baba Jedidah, mbona umeshika mlango? Unataka kushuka tena?"

Baba akaivaa kofia yake. Baadaye kidogo aliachia mlango, na kabla hatujafika Rongo alikuwa amelala, mdomo wazi.

Walikaa kwetu siku tatu. Mama alilala kwa Gesare, na ninavyosikia hawakulala, waliongea, kila mmoja kwa lugha yake. Chakula changu Baba alikila akaongeza. Yeye na Mwikwabe walikaa nje kila jioni wakizungumza habari za ng'ombe na serikali, na siku ya pili nilimwona Baba amelala chini ya Kanga na koti lake zuri, anaonyeshwa risasi za wavu. Mama na Mwikwabe walisalimiana kwa mbali, yeye upande wa ghala na Mama upande wa jiko, wakitazama kila mmoja miti yake. Nilidhani basi, hayo yanatosha, na yalinitosha kweli.

Leo asubuhi wakati wa kuondoka, Mwikwabe alikuwa amesimama upande wa kulia wa Kanga, anapangusa kioo ambacho kilikuwa safi. Mama alikuja upande wa kushoto na kapu lake. Gari lilikuwa katikati yao, na paa lake linamfikia Mama puani, kwa hiyo waliweza kusikiana bila kuonana vizuri. Mama aliweka kapu ndani. Akanyoosha kitambaa kichwani. Nilidhani ataingia.

"Mwalimu," akasema, akiliangalia paa la gari.

Mwikwabe akaacha kupangusa. Hakuinua macho. "Naam, Mama."

"Bega lako halikuumia?"

Nikamwona mume wangu akikunja na kukunjua lile tambara la kupangusia, mwalimu mzima wa darasa la saba.

"Halikuumia, Mama," akasema. "Lilinisaidia kushika barabara."

Mama akacheka, cheko la msichana, nikalisikia lile ambalo sijalisikia tangu nilipokuwa mdogo. Akaingia ndani, akafunga mlango kwa nguvu, akaniambia twende, tena niongeze mwendo, mtama haujipalilii.

Nimewafikisha salama, nimerudi salama, na Mwikwabe amekwisha kuweka maji ya chai motoni.

Ni mimi, mpwa wako unayempenda na anayekupenda zaidi,
Jedidah